Kuhesabu Vidole

Verna Tollefsen alimnunua kwa pesa za trekta.
Nasema kweli: trekta la marehemu mumewe,
lile jekundu. Aliliuza Jumatatu kule mjini,
Ijumaa akarudi na kikapu kinachokoroma.

Paka gani huyu, nikamuuliza kwenye ua,
mkia umekatika kama sentensi ya mlevi,
masikio yana vishungi, mashavu yana sharafa za mzee,
na mgongo mzima madoa, madoa,
kama aliyelala chini ya mti unaodondosha lami?

Wa nyumbani, akajibu. Mia kwa mia.
Watu wamechagua mapaka ya ghalani yenye mikia mifupi,
wakayaoza, wakachagua tena watoto na wajukuu,
mpaka sura ya msitu ikaja kukaa kwenye zulia.
Damu ya mwituni hamna hata tone.
Ni uso tu, Orrin. Amevaa uso.

Mimi ni mfuga kuku. Uso unanitosha.
Kuku wangu arobaini na mmoja hawasomi hati za nasaba.

Novemba, mto Skagit umevimba,
mvua ya siku ya tisa, banda likapiga yowe.
Nikatoka na mabuti na suruali ya kulalia
na bunduki ya baba.
Kwenye tochi: vishungi. Madoa. Macho mawili ya kijani.
Kidole kilikuwa kimeshafika mahali pake.

Ndipo akaja.
Wa mwituni haji.
Huyu alikuja akijisugua kwenye mtutu,
akinguruma kama cherehani,
akaniwekea mguu juu ya buti, mguu mpana kama andazi,
nami nikauhesabu, sijui kwa nini, kwa sauti:
vidole sita.
Mikono ikaanza kutetemeka hatari ilipokwisha,
ndiyo desturi ya mikono yangu.

Husemwa paka wa nyumba haingwa.
Wa jirani je?
Klondaiki, ndilo jina alilopewa,
alizoea kufika saa kumi alasiri,
akala ngozi ya samoni, akalalia gazeti
upande ule ninaotaka kuusoma.
Nilimsimulia mambo. Bei ya chakula cha kuku.
Goti langu. Lorraine, na barua ambayo hakuijibu.

Kisha Februari, theluji hadi kwenye kizingiti,
na banda tena.
Tochi. Vishungi. Madoa.
Klondaiki, nikaita,
kwa ile sauti ambayo mtu mzima huona haya kujisikia nayo.

Hakuja.
Alinitazama kama mto unavyomtazama mtu aliyesimama ukingoni.
Kuku wangu mweupe mdomoni,
bawa moja limefunguka.
Bunduki nilikuwa nayo. Sitasema uongo, nilikuwa nayo,
na shabaha yangu haijazeeka.
Lakini jina lilikuwa limeshatoka,
limening'inia pale katikati yetu pamoja na mvuke wa pumzi yangu,
na sikujua namna ya kupitisha risasi
mahali ambapo jina limepita sasa hivi.

Akageuka bila haraka.
Hata shukrani ya woga hakunipa.

Asubuhi nikapiga magoti kwenye theluji:
vidole vinne. Vinne. Vinne.
Vinne hadi kwenye mierezi, na unyoya hapa na pale.
Verna akaegemea uzio na kikombe chake.
Nani?
Mbweha, nikasema.
Akatazama nyayo, akanitazama mimi, akanywa kahawa.
Mbweha, akasema. Haya.

Nyuma yake, dirishani, yule wa kuazima uso
alipiga mwayo, meno yote nje,
akarudi kulala juu ya kipasha joto.

Nimenunua mbao, nimenunua misumari.
Banda nimeliziba pande tatu.
Ule wa nne, unaoelekea mierezi,
goti bado linaniuma.