Mafuta ya Lelgut

Julai, Nakuru. Upepo wa Menengai
unapita chini ya mlango wa maabara, hapa Lanet,
na mafuta niliyoyapanga kwenye sahani kumi na mbili
yanaganda, kila sahani kwa saa yake.

Namba tatu imekuwa mshumaa.
Namba saba ingali inateleza, inang'aa
kama jicho la mtu aliyekataa kulala.

Hiyo saba niliinunua Bondeni, kidari nusu kilo,
kwa Nyanchoka anayepima nyama kwa kidole gumba:
hufikicha mara tatu, hunyamaza, ndipo aseme.
"Haya hayagandi kwenye ufizi," alisema.
"Mengine humlazimu mteja kunywa chai
kati ya tonge na tonge."
Mimi nimekaa miaka minne na mashine
nipate kusema hilo hilo kwa herufi nne.

Mafuta magumu ni minyororo iliyonyooka,
hupangana kama kuni darini,
ubavu kwa ubavu, hata panya hapiti.
Kisha kuna kimeng'enya, fundi mdogo,
hushika mnyororo katikati, akaupinda
mara moja tu, kama kiwiko.
Kuni zenye viwiko hazipangiki.
Huachiana nafasi. Huyeyuka mdomoni
kabla hazijaambiwa.
Na fundi huyo ana bidii au ni mvivu
kwa herufi moja, mahali pamoja,
katika mabilioni ambayo ng'ombe huzaliwa nayo.

Si yote, usije ukaninukuu vibaya:
nyasi zina neno, umri una neno,
ukame wa mwaka juzi ulisema mengi.
Ila herufi hunong'ona kwanza.

Lelgut alikuwa na mdomo mweupe.
Aliletwa na wakwe, mahari ya shangazi Tapsubei,
akazaa, wakazaa, wakazaliana.
Sufuria za mama zilioshwa kwa maji baridi
hata mwezi kama huu;
kwa jirani walikwaruza kwa kijiko.
Tulidhani ni sabuni.

Baba alipofariki wazee walikaa siku mbili.
Kiplelgo akapata tisa.
Kimasia akapata tisa na fahali,
akaapa mbele ya wote kwamba fahali hauzwi.
Mimi nilipata kutajwa katika sala ya kufunga:
"na binti yetu, msomi, Mungu amzidishie."
Nilikuwa na shahada mbili
na birika mkononi.

Kabla lori halijaondoka niliingia zizini,
nikang'oa nywele ishirini za mkia wa ndama jike,
pamoja na mizizi yake,
nikazitia kwenye bahasha iliyokuwa na risiti ya jeneza.
Hakuna aliyeuliza. Unywele hauna bei.

Leo nimezisoma.
Herufi ile ipo, na ipo mara mbili,
moja ya mama, moja ya baba.
Ng'ombe hawakai kikao.
Lelgut hakuuliza huyu ni wa kiume
au huyu ataolewa wapi;
aligawa nusu, kila mara nusu kamili,
akainama, akaendelea kula majani.

Ningeishia hapo, niandike ripoti, nifunge mlango.
Lakini mashine haina adabu, hulinganisha kila kitu na kila kitu,
na jioni ikaniwekea mistari miwili sambamba:
nywele za ndama, sahani namba saba.
Kila mahali, upande mmoja ni ule ule.
Hivyo huwa kwa mtoto na mzazi wake tu.

Nikampigia Kimasia.
Fahali hajambo, akasema, yuko malishoni, amenenepa.
Nyuma yake nilisikia pikipiki mpya ikiwashwa.
Nikamwambia vizuri, msalimie.

Sahani imeanza ukungu pembeni.
Nimechovya kidole gumba, nimefikicha
mara moja,
mara mbili.