Asiyebisha Hodi

Al-Khoud, saa nane usiku, mwezi wa sita.
Nje lami bado inatema joto la mchana;
ndani tumevaa masweta.
Unyevu ukizidi umeme huvuja,
kwa hiyo kiyoyozi ndicho baba mwenye nyumba
na sisi wapangaji.

Nimekichora chumba hiki mara kumi na moja.
Waya na waya, milimita nne.
Ghaithi alitaka tatu: "Tutamwona vizuri zaidi."
Nikamwambia, wakikaribiana mno hugombana,
volti elfu mbili si majirani wa kuombana chumvi.
Tukabaki na nne. Alinuna wiki nzima.

Waya wenyewe tungsteni, umepakwa dhahabu,
mwembamba kuliko unywele wa kitoto cha arubaini.
Huuoni; unauamini.
Unaushika kwa kibanio, unauning'inizia gramu hamsini,
unaulehemu, ndipo unapumua.
Kisha unaanza tena.
Mia sita na arubaini.

Shangazi Shinuna, aliyeshona kofia kule Ibra
hata macho yakamkataa,
alikuja siku moja na dele la kahawa.
Tukamzuia mlangoni: mvuke!
Akachungulia kiooni.
"Mnamtega ndege gani?"
Si ndege, shangazi. Mgeni. Anashuka toka juu,
anapita dari, anapita utosi wangu na wako,
anapita sakafu, haagi.
"Na hodi?"
Habishi.
"Basi hana adabu," akasema,
akajimiminia kahawa peke yake ukumbini.

Lakini humu, ndani ya gesi,
hapiti bila kumkwaruza mtu bega.
Elektroni moja inabanduka, inaukimbilia waya,
na kadiri inavyokaribia inawaamsha wenziwe,
wawili, wanne, elfu, laki,
zogo la soko zima katika nukta ya nukta.
Hiyo ndiyo hodi. Tumembishia sisi.

Jioni hii waya wa mia tatu na kumi na saba umekatika.
Haukulia. Ulijikunja tu
ukawalalia wenzake, na upande mzima ukazima.
Ghaithi hakutaja milimita.
Kaleta taa, mimi kibanio,
tukauvua kama mwiba wa samaki kooni kwa mtoto,
polepole, bila kusemezana.

Adhana ya alfajiri inaanza. Tunapandisha volti,
mia, mia, mia nyingine.
Kimya.
Halafu kwenye skrini, kilima kimoja chembamba.

"Karibu," nikasema, kwa mazoea.
Ghaithi akaandika saa.