Nyutro

Nilijua kabla sijaamka vizuri:
nyumba imenyamaza kupita kawaida yake,
ule mngurumo wa friza niliozoea kuulalia
haupo.

Nikasema LUKU. Kila jambo hapa Kimanga huanza kwa LUKU.
Lakini mita inasoma uniti thelathini na moja,
feni ya Zamda inazunguka,
taa ya uani inawaka na kumekwisha kucha.
Basi si mgao. Leo ni langu mwenyewe.

Ndani ya friza, paketi mia mbili za barafu,
ukwaju na ubuyu, za watoto wa shule saa nne,
zimeanza kutoa jasho.

Nikachomeka pasi upande wa pili: baridi.
Nikachomeka chaji ya simu: haisemi.
Nikatazama breka za mlangoni, zote zimepanda,
hakuna iliyojiangusha.
Nikaipiga soketi kofi, Mungu anisamehe,
ndivyo tulivyoifanya redio ya baba.

Mama Tausi akaleta testa ya mumewe,
ile bisibisi yenye kijitaa tumboni.
Tundu la kulia: ikawaka.
Tundu la kushoto: ikawaka.
"Umeme umezidi," akasema, akarudi nyuma hatua mbili.
Umezidi, na friza imekufa.

Yuko mtu mmoja anayeijua nyumba hii ndani ya plasta.
Hatujasemezana tangu matanga ya mama,
tangu yale maneno ya kiwanja cha Chanika.
Namba yake sikuifuta. Niliibadilisha jina tu,
nikaandika Fundi.

Iliita mara tano.
"Kondo."
"Nani?"
"Soketi ya friza imekufa. Testa inawaka kotekote."
Kimya cha Tunduma, malori yanapita ndani yake.
Kisha sauti ya kazi, si ya kaka:
"Friza umeichomeka?" Ndiyo.
"Ichomoe. Pima tena."
La kulia linawaka. La kushoto giza.
"Moto unafika. Njia ya kurudi ndiyo iliyokatika.
Zima meni swichi. Fungua ile ya nyuma ya kochi,
ndiyo inayoilisha ya friza."

Nikasogeza kochi. Nikaokota kitana, shilingi mia mbili,
kokwa ya tende ya Ramadhani ya mwaka gani sijui.
Nikafungua skrubu kwa bisibisi ya cherehani,
na mle ndani mayai mawili ya mjusi, makavu,
waya mwekundu umebana, wa kijani umebana,
na mweusi uko nje, kichwa kimeungua,
umeachana na skrubu yake kwa upana wa ukucha.

"Hukuukaza," nikamwambia.
"Niliukaza." Akanyamaza. "Nilikuwa na haraka siku ile."
"Una haraka siku zote."
Hakubisha. Akasema kata palipoungua,
menya kidogo, usimenye sana,
ingiza mpaka mwisho, kaza, halafu uvute uone kama unakuja.
Nikavuta. Haukuja.

Meni swichi.
Kitu kikagonga nyuma ya friza
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema,
kikaanza kunguruma.

"Nasikia," akasema kule.

Ilinipasa kukata, saa nne inakaribia,
zile za juu zimeyeyuka, nitaziuza nusu bei kama juisi.
Sikukata.
Sekunde zinajihesabu kwenye kioo,
naye hakati,
na salio ni langu.