Kitambaa Kimoja

Baada ya tezi kukatwa Mombasa
nilirudi Langoni na mpira,
na mpira ulipotolewa nikarudi utotoni.
Nikikohoa, tone. Nikiinuka kwenye cherehani, matone.
Nikicheka... basi nikaacha kucheka.

Khuleta wa duka la dawa alinitazama mara moja,
akainama chini ya kaunta, akapanga aina tatu
kama anayempangia bwana harusi vitambaa.
Hakuuliza ni za nani. Mungu amlipe.

Mimi ni fundi. Cha kuvaliwa nakipindua kwanza.

Hii ya kubandika ubavuni, gundi mbili huku, mbili huku,
inashika maji, sikatai, ungeimiminia birika zima.
Lakini ni pana kama tandiko la punda
na ndani ya kanzu inaongea:
chaka, chaka, hadi safu ya mbele.
Tena yataka mtu alale chali, mwingine amfunge,
nami magoti bado ninayo.
Nimeiweka juu ya kabati. Tutaonana.

Ya pili inavaliwa kama chupi.
Lastiki imevutwa sawasawa,
kiunoni haikati, pajani haiachi mwanya;
aliyeibuni alijua mwili una mikunjo.
Kuivua, unachana mshono wa ubavuni. Unachana!
Miaka arobaini na minne nashona ili isichanike,
leo nausifu mshono ulioshonwa uchanike.
Bei yake, lakini. Kumi kwa elfu na mia mbili,
na siku ina swala tano.

Ya tatu ni kipande tu, chembamba kama kola,
gundi mgongoni, unakibandika ndani ya chupi yako mwenyewe.
Chatosha kwenda msikitini na kurudi
usipokutana na mtu wa maneno mengi.
Nilikutana na Lali Famau.

Nilizileta nyumbani katika kikapu cha ukili,
juu nimefunika mchicha,
maana vichochoro vyetu mabega hugusana
na macho hushuka kikapuni kabla ya salamu.
Nikazitandaza juu ya meza ya kukatia, futi shingoni.

Somoe aliingia na chai.
Akaishika ile ya tatu, akaibonyeza kwa vidole viwili.
Hakucheka.
"Hii," akasema. "Tangu nilipomzaa Athman, ningeipata hii."

Athman ana miaka thelathini na mmoja.

Nikalikumbuka kapu la vibaki chini ya meza,
bafta, poplini, ncha za kanzu za watu,
kila Ijumaa limepungua.
Nilimfukuza kijana wa kazi kwa ajili ya kapu lile.
Bwanadi. Nilimwita mwizi mbele ya babake.

Alikuwa akivikunja mara nne.
Akivifua usiku, akivianika darini
chini ya kanga, kanga juu, aibu chini.
"Bafta ni njema," akasema. "Poplini yateleza.
Ile ya kijani, ya sare za shule, ilinichubua."
Alikwisha kupima vyote kabla yangu,
bila futi, bila wa kumuuliza bei.

"Mbona hukusema?"
"Ningesema nini? Weye mato yako yalikuwa kwenye sindano."

Kesho yake nilirudi kwa Khuleta, pakiti mbili za zile nyembamba,
nikazibeba mkononi, mchana, Usita wa Mui,
bila kikapu, bila mchicha.
Lali Famau akauliza, "Umebeba nini, fundi?"
"Bafta," nikamjibu.

Usiku tulicheka, mimi na Somoe,
tukavuja sote wawili, tukacheka zaidi.

Bwanadi, nasikia, ana cherehani yake Faza.
Nimwombe radhi, nimfunue Somoe?
Ninyamaze, abaki mwizi?
Kitambaa ni kimoja, miili ni miwili.
Mkasi uko mkononi tangu asubuhi.