Swali la Saba

Fomu ina maswali kumi na moja.
La saba huliuliza nimeinama,
kama natafuta kifuniko cha kalamu sakafuni:
Umekunywa pombe ndani ya saa sita zilizopita?

Mbili tu, sista.

Mwanza nzima hunywa mbili tu.
Lushinge, aliyelala na pikipiki kona ya Mabatini,
jino lake kalitia mfuko wa shati pamoja na chenji:
mbili tu.
Mbeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni,
kisu kimempata ubavuni kwa deni la buku tatu,
ananihesabia kwa vidole,
na vidole vinatetemeka hadi vinakuwa vinne:
mbili, na ya pili sikuimaliza.

Mwalimu mstaafu wa Nyakato alisema yeye ameokoka.
Mkewe, nyuma yake, alikuwa anakunja khanga,
akaikunjua,
akaikunja tena.

Naandika NDIYO.
Fomu haina mahali pa kuandika khanga.

Saa tisa usiku wakamleta Nyanjige wa Igombe,
mikono imebabuka mpaka viwikoni.
Mtambo ulimrukia.
Gongo hilo, mwanangu, sijawahi kulitia mdomoni.
Limenisomeshea wanne.
Nikaweka alama: HAPANA.

Kitanda cha pembeni, Kulwa, miaka sita.
Gari lilipanda kibaraza walipokuwa wamelala nje kwa joto.
Doto ameketi chini, ameshika ndala moja,
hataki mtu yeyote aichukue.
Sikumuuliza mtoto.
HAPANA, kwa wino safi kabisa.
Dereva yuko kitanda cha tatu,
anaomba maji, anaomba simu,
anaomba nimwandike vizuri.

Alfajiri nikajumlisha.
Ndiyo kumi na tisa, hapana saba.
Daktari Bujiku akatia saini, akapiga miayo,
akasema usiku ulikuwa mwepesi.
Dirishani mawe yalianza kuonekana, na ziwa nyuma yake,
jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Nikanawa kwa spiriti,
mara ya ngapi sijui.

Nyumbani mama alinipokea mlangoni,
akashika viganja vyangu, akavinusa
kama alivyokuwa akimnusa baba,
bila neno.
Nilitaka kumwambia ni dawa ya kazini.
Nikasikia mdomo wangu unasema,
mbili tu, mama.
Hakucheka.