Ngazi ya Kiponda

Fundi Mcha kapima vidato kumi na saba,
havipo viwili vilivyolingana.
"Aliyejenga," kasema, "alikuwa na futi yake."

Kila ubao una bonde katikati:
nyayo za Bi Mize, miaka hamsini,
ndoo za maji, sinia za Idi.
Mabonde kayajaza gundi na unga wa msumeno,
kisha juu ya msaji kabandika lamineti,
picha ya mti
juu ya mti.
Ngazi sasa yang'aa kama meno ya bandia.

Alasiri Bi Mize kashuka, makubadhi mkononi.
Kidato cha tatu kasita,
kidole gumba kikipapasa, kikitafuta.
"Mcha, umenifutia njia."

Nimelipa mimi.
Najifanya nahesabu vipande vilivyobaki.