Mifuko Minne na Kamoja Kadogo

Kadutu haina umeme saa kumi na moja alfajiri,
na fundi umeme ndiye mimi. Cheka tu.
Navaa suruali gizani,
kwa hiyo mkono sharti ujue njia wenyewe,
kama mguu unavyozijua ngazi za udongo
kushuka hadi barabarani bila kuhesabu.

Kulia mbele: kisu, peke yake.
Hakikai na simu, kitaikwaruza uso;
hakikai na funguo, vitagombana kutwa
na nitakayelia kama njuga njiani ni mimi.
Kushoto mbele: funguo mbili, testa,
utepe mweusi uliobaki unene wa kidole.
Nyuma kulia: kadi ya mpiga kura,
picha imefutika, nimebaki masikio.
Nyuma kushoto, chini ya kifungo: faranga.
Na kale kadogo, kalikoshonwa juu ya kaka yake,
ambako wengi hawajui kana kazi gani,
humo inalala dola tano, imekunjwa mara moja tu,
maana dola ikichanika pembe Bukavu hii
hata muuza ndizi anaitazama kama maiti.

Kisu kilikuwa cha baba.
Alimenyea magome ya mkwinini miaka kumi na tisa
hadi bapa likaisha tumbo, likawa jembamba
kama mwezi wa siku mbili.
Mpini ni wa pembe; ulipopasuka
nikaufunga kwa waya wa shaba.
Kila miezi mitatu kinakula mfuko,
na Nsimire anatia kiraka cha gunia la unga,
mpaka ukiupindua mfuko wangu wa kulia
unasoma: KILO 25.
Nilimwomba fundi Zihindula
mfuko ndani ya mfuko, wa turubai.
Akasema, pini zikiwa mdomoni:
“Wewe hutaki suruali. Wataka kabati.”

Jumanne, kwenye kizuizi, kijana mwenye bunduki
akasema: toa vyote.
Nikavipanga juu ya kiti cha plastiki
kwa utaratibu wake,
na ni aibu ya ajabu
kuyaona maisha yako yakienea kiti kimoja
na nafasi ikabaki.
Akakifungua kisu. Unakatia nini?
Nyaya, nikasema. Parachichi.
Kitovu, mara moja, usiku wa mvua,
mkunga alipokwama kule mtoni.
Akanyamaza.
Akajikata ukucha wa gumba, taratibu,
akakikunja, akanitilia mwenyewe mfukoni.
Wa kushoto.
Elfu mbili zikabaki kitini.
Nani angehamisha kisu mbele ya macho yale?
Nilipopinda kona nilikuwa nimeshasahau.

Saa nne nilikuwa juu ya nguzo, Nyawera.
Mkono mmoja umeshika,
mwingine ukashuka kulia kama ada
ukakuta kitambaa. Kitambaa tu.
Sijui kama umewahi kukanyaga
ngazi isiyokuwepo.
Ndivyo.
Chini watu walikuwa wakipunguziana bei ya sambaza,
hakuna aliyetazama juu.
Niliikumbatia nguzo
kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jioni navimwaga vyote kabatini.
Ansima, yule wa kitovu,
huvipanga bila kutumwa: kisu kulia,
funguo mbali nacho,
dola hata haigusi, huipulizia tu vumbi.
Jana aliuliza, bila kuinua macho:
“Baba, kwa nini sketi yangu haina hata mmoja?”
Kalamu hushinda nayo mkononi.
Kifutio hukificha kwenye soksi,
jioni kinatoka kimeiva kwa jasho.
Sikuwa na jibu. Nilisema ni mtindo.
Akanitazama kama yule kijana alivyoutazama ukucha wake.

Kesho nampitia Zihindula.
Atasema sare ya shule hairuhusu.
Nitamwambia ashone kwa ndani, upande wa kulia,
nani atauona,
na asiniletee habari za gunia.
Atumie turubai.